Sista Anajibu: Njaa ya Saa Nne, Ukoko wa Usiku na Kalamu ya Muscat

Mwezi huu mmeamua kuniandikia kuhusu njaa. Sijui ni baridi au ni bei ya mchele, lakini rundo zima lililoko mezani kwangu linauliza kitu kimoja kwa namna tofauti: mbona nakula na sishibi? Wengi mmeshajihukumu kabla barua haijanifikia. Mmejiita waroho, walafi, watu wasio na msimamo. Nimekuwa nesi wa kliniki ya kisukari mpaka nilipostaafu, na ugonjwa wa uroho sikuwahi kuuona umeandikwa kwenye faili la mtu. Nilichokiona ni tumbo, utumbo na kongosho vikipeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya homoni, yaani kemikali zinazosafiri na damu. Mara nyingine habari hizo zinachelewa, zinazidi, au zinatumwa na kidonge badala ya chakula.

Barua ya kwanza nimeipandisha juu ya nyingine kwa sababu haiwezi kusubiri toleo lijalo.

Salaam, Sista. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 61 na nina kisukari. Natumia glibenklamaidi kidonge kimoja asubuhi. Nakinywa saa kumi na mbili kwa chai ya rangi isiyo na sukari, naenda karakana. Ikifika saa nne napatwa na njaa ya ajabu, mikono inatetemeka hata randa siwezi kuisukuma sawasawa, jasho linanitoka na nakuwa mkali kwa vijana wangu bila sababu. Nikila nusu mkate natulia. Mke wangu anasema ni uroho wa mtu aliyekatazwa sukari. Juzi kijana wangu alinipima kwa kile kimashine, kikasoma 3.1. Je, dawa inafanya kazi vizuri?
*Fundi, Moshi*

Salaam, kaka yangu. Dawa inafanya kazi kupita kiasi. Hiyo si njaa ya kawaida, ni sukari iliyoshuka. Kwa mtu anayetumia dawa kama yako, kipimo chochote chini ya 4 kinashughulikiwa papo hapo. Na 3.1 ukiwa umeshika randa, au Mungu apishe mbali, msumeno wa umeme, ni hatari.

Kongosho lina vishada vidogo vya seli zinazotengeneza insulini. Kwa kawaida zinasubiri sukari ipande kwenye damu ndipo ziimwage, na sukari ikishuka zinapunguza. Glibenklamaidi haisubiri. Inazilazimisha zimwage, umekula au hujala, na inaendelea hivyo kwa saa nyingi. Wewe umeipokea kwa chai tupu. Sukari kidogo iliyokuwepo inaondolewa kwenye damu, na ubongo, ambao hauna akiba yake ya maana, unapiga yowe. Glukagoni inatoka kwenye kongosho hilohilo kuliambia ini litoe akiba. Adrenalini inatoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na ndiyo inayokutetemesha na kukutoa jasho. Njaa hiyo kali inakuja pamoja nazo, na ukali kwa vijana pia.

Mkate unakutuliza, lakini unachelewa, halafu nusu mkate mzima inakupandisha sukari mchana. Weka karakana kichupa cha sukari. Ikianza, zima mashine, kaa chini, koroga vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Nusu chupa ya soda ya kawaida nayo inafaa. Ile isiyo na sukari haikusaidii kitu. Baada ya dakika 15 pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, ndipo ule chakula cha maana. Na vijana wako wajue jambo moja: wakikukuta umezimia wasikumiminie chochote mdomoni, wakukimbize hospitali.

Kidonge hicho kinywe na chakula, siyo na chai ya rangi. Na wiki hii, siyo mwezi ujao, nenda kliniki na hicho kimashine chako. Waangalie dozi na wakupime figo, kwa sababu figo zikichoka dawa hiyo inakaa mwilini zaidi. Usiiache mwenyewe kimyakimya. Wifi yangu naye mwambie, kwa heshima zote, kwamba ule nusu mkate anaoulalamikia ulikuwa unakuokoa.

Shikamoo Sista. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 38. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 92 nikafanya dayati kali: asubuhi chai, mchana parachichi, usiku supu ya mboga. Nikafika 78, kila mtu akanisifia. Sasa niko 89. Kinachonitisha si kilo, ni njaa yenyewe. Kabla sijapungua sikuwa hivi. Nakula na wanangu, nashiba, naingia jikoni kuosha vyombo, nashtukia nimeinamia sufuria nakwangua ukoko kwa kijiko. Dada yangu anasema sina nia. Rafiki yangu ananishauri nikawekewe puto la tumboni hospitali ya Mloganzila. Nimekosea wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Umesema jambo ambalo wengi wanaona aibu kulisema, kwamba njaa ya baada ya kupungua si ile ya kabla ya kupungua. Uko sahihi, na limeshapimwa.

Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao walitangaza homoni inayotengenezwa hasa na tumbo, sehemu yake ya juu. Inaitwa grelini. Homoni nyingi za tumbo na utumbo kazi yake ni kukuambia basi. Hii inakuambia kula. Saa ya chakula ikikaribia inapanda, ukila inashuka. Miaka miwili baadaye, London, watu wenye afya zao waliwekewa grelini kwa dripu, kisha wakapelekwa kwenye meza ya chakula wajipakulie wenyewe. Walikula asilimia 28 zaidi ya siku waliyowekewa maji ya chumvi. Watu walewale, meza ileile. Sidhani kama nia yao ilikuwa imebadilika kati ya siku moja na nyingine, na ningependa dada yako alifikirie hilo.

Sasa njoo kwako. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Melbourne, Australia. Waliandikishwa watu 50 wenye uzito mkubwa, wakapewa chakula cha nishati kidogo sana kwa wiki 10. Walipungua wastani wa kilo 13 na nusu, karibu sawa na 14 zako. Walipimwa damu kabla, baada ya kupungua, kisha tena mwaka mmoja baadaye. Mwaka mzima umepita na grelini bado iko juu kuliko walipoanza. Zile za kuleta shibe bado ziko chini: kolesistokinini na PYY za utumbo, amilini ya kongosho, leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Na wenyewe walipoulizwa walisema wana njaa kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza. Mwili haujui habari za sare ya harusi. Unachojua ni kwamba akiba imepungua, na unaidai.

Kwa hiyo kosa, kama unalitaka, liko kwenye ile ratiba. Chai, parachichi, supu ya mboga. Protini iko wapi? Kolesistokinini hutoka mwanzoni mwa utumbo mwembamba pale mafuta na protini vinapofika. Inabana mfuko wa nyongo, inalichelewesha tumbo lisimwage haraka, na inapeleka habari kwenye ubongo kupitia neva ndefu iitwayo vagasi. Chini zaidi, kuelekea mwisho wa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana, ziko seli zinazotoa PYY na homoni nyingine ya shibe iitwayo GLP-1. Kongosho nalo kila linapomwaga insulini humwaga na amilini, ambayo pia inalipunguza tumbo mwendo. Supu ya mboga peke yake inapita huko kote bila kumsumbua mtu. Halafu ukaifanya kila usiku.

Nikikaa jikoni kwako ningeanza na asubuhi. Mayai mawili, au uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, kabla hujakimbilia shule. Chai na andazi vitakuwa vimeisha tumboni kabla ya kengele ya mapumziko. Mchana ugali maharage wa shuleni usiudharau hata kidogo, ndicho chakula ambacho ningekuandikia mimi. Anza na maharage na mboga za majani, ugali ufuate, na bonge lipungue robo. Usiku dagaa au kunde, na wali kwenye sahani, siyo kwenye bakuli. Kula taratibu. Habari kutoka huko chini inachukua kama dakika 20 kufika juu, na mama mwenye watoto wadogo huwa ameshamaliza kabla haijafika. Sufuria iloweke maji kabla hujakaa mezani. Ukoko uliolowa haumwiti mtu.

Lengo nalo lishushe. Usiikimbilie tena 78. Ukipungua kilo nne au tano na kuzishikilia mwaka mzima, sukari na presha vinanufaika tayari. Kutembea hakupunguzi kilo nyingi kama watu wanavyojitangazia, ila kunasaidia sana zisirudi.

Kuhusu puto: linajaza nafasi ndani ya tumbo, kwa hiyo unashiba mapema, na wako liliowasaidia. Lakini ni la muda, litatolewa. Likitoka utabaki na mwili uliopungua unaodai akiba yake, yaani mahali pale pale ulipo leo. Kabla hujalipa waulize mpango wa baada ya kulitoa ni upi. Upasuaji wa kukata sehemu ya tumbo ni habari tofauti, kwa sababu ile sehemu ya juu yenye seli nyingi za grelini huondolewa kabisa. Huo una vigezo vyake na hatari zake, na kwa kilo 89 sidhani kama ndio ningeanza nao.

Assalaam alaykum Sista. Dada yangu anaishi Muscat, amekuja likizo na kalamu yake ya Ozempic, ile sindano ya kisukari inayopunguza mwili. Amepungua mpaka mashavu yameingia ndani. Anataka kuniachia kalamu aliyofikia nusu, anasema nibadilishe sindano tu na nijidunge dozi yake. Mimi sina kisukari, nina kilo 96, na mume wangu anataka tupate mtoto mwingine. Mama kakataa katakata, anasema ile ni sumu ya mjusi. Nani mkweli?
*Wa Mbweni, Unguja*

Waalaykum salaam, mwanangu. Mama amekosea dawa, lakini hakukosea kukataa.

Mjusi yupo kweli. Anaitwa Gila, mkubwa, mnene, wa majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari mmoja wa New York, John Eng, alikuta kwenye sumu yake kemikali inayofanya kazi kama GLP-1 ya kwenye utumbo wetu, ila haivunjiki upesi. Dawa iliyotokana nayo, eksenataidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Iliyomo kwenye kalamu ya dada yako ni nyingine, semaglutaidi, iliyoundwa Denmark kwa kuifuata GLP-1 ya binadamu. Mjusi hayumo.

Shida waliyokuwa wakihangaika nayo wote ni kwamba GLP-1 yako mwenyewe haidumu. Ukila inatoka, na ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwa. Semaglutaidi inachukua karibu wiki nzima kufika nusu, ndiyo maana inadungwa mara moja kwa wiki. Fikiria: habari ya shibe iliyokusudiwa kudumu muda wa kunawa mikono sasa inasemwa mchana na usiku, siku saba. Sukari ikipanda kongosho linaongeza insulini, glukagoni inanyamazishwa, tumbo linachelewa kumwaga, na ubongo unapoteza hamu. Pilau iko mbele ya mtu na mkono hauendi.

Inafanya kazi, sitakudanganya. Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu 1,961 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopata semaglutaidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, waliopata sindano isiyo na dawa asilimia 2.4, na wote walishauriwa kuhusu kula na mazoezi. Lakini walioacha walifuatiliwa tena, na ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Msome mwalimu wa Morogoro hapo juu, utajua kwa nini.

Sasa kalamu yenyewe. Kalamu ni ya mtu mmoja, hata ukibadilisha sindano. Unapodunga, damu kidogo usiyoiona kwa macho inaweza kurudi ndani, na kwa njia hiyo homa ya ini na virusi vya Ukimwi vinaweza kupita. Hilo halina udugu. Dozi yake nayo si yako: anayeanza huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, wiki nne, ndipo apandishwe. Ukianzia alipofika yeye utatapika mpaka ujute, na tumbo litakuharisha au lifunge kabisa. Wenye historia ya saratani fulani ya tezi ya shingo kwenye familia hawaruhusiwi kabisa, na aliyewahi kuumwa kongosho lazima aseme. Halafu kuna huyo mtoto mnayemtaka. Dawa hii inaachwa angalau miezi miwili kabla ya kubeba mimba, na ulikuwa karibu kuidunga huku ukisubiri kukosa siku zako.

Usikimbilie kununua mitandaoni pia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa, na likasema nyingine huenda zina dawa tofauti ndani, kama insulini. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini akidhani anapunguza mwili, sukari inaweza kushuka mpaka apoteze fahamu.

Kilo 96 si za kupuuza. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja upimwe sukari na presha, mzungumze habari ya mtoto kwanza, na kama sindano ina nafasi kwako itoke kwa daktari na kwenye boksi lililofungwa. Dada mshukuru, na kalamu yake aimalize mwenyewe.

Sista shikamoo. Nalinda usiku, mchana nalala kama saa tatu tu kwa sababu ya kelele za gereji ya jirani. Nikitoka lindo namaliza chapati tano na supu ya kongoro, na saa nane mchana bado natamani soda na keki. Ni minyoo?
*Mlinzi, Tabata*

Marahaba. Minyoo pima, haina gharama kubwa, lakini mimi naishuku gereji. Chicago, mwaka 2004, vijana 12 wenye afya waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo. Ikilinganishwa na walipolala vya kutosha, leptini ilishuka asilimia 18, grelini ikapanda asilimia 28, na walichokitamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga. Unaiona keki yako hapo.

Supu ya kongoro sina ugomvi nayo. Chapati ziwe mbili. Kula chakula kamili kabla ya kwenda lindo ili asubuhi isikukute umekauka, weka pazia zito na pamba masikioni, na kama inawezekana lala kwenye chumba cha upande wa pili. Ukipata saa sita mfululizo kwa wiki mbili na soda bado inakuita, pima sukari. Mtu anayekunywa sana, anakojoa sana na kula sana huku anakonda, huyo asisubiri hata wiki.

Sista, Ramadhani iliyopita niliona jambo. Saa saba mchana njaa inanibana vibaya, lakini ikifika saa kumi imetulia yenyewe, na sijala kitu. Inakwenda wapi?
*Mwanachuo, Dodoma*

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na jibu lake ni fupi. Grelini haipandi moja kwa moja kadiri unavyokaa bila kula. Inapanda kuelekea saa uliyozoea kula, kisha inashuka hata kama hukuipa kitu. Watu waliofunga zaidi ya siku nzima wamechotwa damu kila baada ya muda mfupi, ikaonekana inapanda saa za chai, za chakula cha mchana na za jioni, na inashuka yenyewe. Wewe bila shaka miezi mingine yote unapanga foleni ya kantini saa saba.

Ukihamishia milo yako magharibi na alfajiri, baada ya muda nayo huhama, ndiyo maana wengi hulalamika zaidi siku za mwanzo za mfungo. Daku usiiruke. Weka maharage, mayai au mtindi pamoja na viazi au uji mzito. Chai ya maziwa na mkate mweupe peke yake havikufikishi hiyo saa saba.